Ufunguo Hupanda na Mtu

Ghalani kwetu tulikuwa na mashine mbili za kupandia juu. Moja tuliiita Twiga, kwa sababu ina shingo ndefu ya chuma inayojikunja na kurefuka, na kichwani ina kikapu cha kusimama mtu. Ya pili tuliiita Kobe. Kobe hana shingo. Ana miguu inayopishana kama mkasi, anapanda wima na kushuka wima, na analalamika njia nzima. Twiga ndiye aliyependwa, maana anafika kila pembe ya dari. Kobe alikaa kwenye kona ya stoo, amechomekwa kwenye umeme na kufunikwa turubai.

Mimi nilikuwa mtu wa chini. Mtu wa chini kazi yake ni kusimama karibu na mashine na kumtazama aliye juu. Wengi wanadhani hiyo si kazi. Vijana wa kupakia mizigo walikuwa wakipita wananiuliza, "Mzee Nuna, leo umetazama kilo ngapi?" Nuna ni jina walilonipa baada ya mke wangu kufariki, kwa sababu ya uso wangu. Sikuwakatalia. Uso ni wangu na kununa ni kwangu.

Ubavuni mwa Twiga, chini kabisa, kuna kisanduku chenye swichi na tundu la ufunguo. Ukiugeuza ufunguo upande mmoja, mashine inamsikiliza aliye kikapuni. Ukiugeuza upande wa pili, inamsikiliza aliye chini. Walioitengeneza hawakuwa wajinga. Walijua aliye juu anaweza kuzimia, kubanwa, au kupigwa na umeme, basi wakaweka njia ya mtu wa chini kumshusha. Mimi shule sikufika mbali, lakini hilo nililielewa siku ya kwanza.

Sasa, kwetu ufunguo haukukaa chini.

Zamani alikuwepo mpaka rangi mmoja tukimwita Kinanda, kwa kuwa hakufunga mdomo. Siku moja mwenzake alikuwa juu, na Kinanda akageuza ufunguo, akauchomoa, akamwacha anaelea kule wakati wote wa chakula. Yeye amekaa chini anakula, anamwonyesha mfupa. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini tangu siku hiyo mafundi wakasema, anayepanda atapanda na ufunguo wake. Anaugeuzia upande wa kikapu, anauchomoa, anauvaa shingoni, anapanda. Hakuna wa kumchezea. Msimamizi wetu, tuliyemwita Kalamu kwa sababu ya kalamu isiyotoka sikioni mwake, akalipenda jambo hilo. Mkurugenzi akalipenda zaidi, akaleta kamba nzuri ya rangi ya machungwa ya kuvalia ufunguo. Kinanda alishahama kazi. Mpiga ngoma akaondoka, ngoma ikabaki.

Na msije mkasema hatukufundishwa. Kampuni iliyouza mashine ilimleta mtu wa kutufundisha namna ya kumshusha aliyekwama. Siku hiyo yalifika malori, Kalamu akatupeleka sote kupakua, akaingia darasani peke yake. Alitoka na kofia mpya. Kofia ndiyo tuliyoiona, mafunzo hatukuyaona.

Aliyekuwa akipanda siku ninayoisimulia ni fundi umeme, mdogo wa marehemu mke wangu. Shemeji yangu kabisa, tulifanya kazi ghala moja, na tulikuwa hatuongei. Tulisalimiana. "Habari za asubuhi." "Nzuri." Basi, mpaka jioni.

Sababu ni mwenye nyumba wetu. Tulikaa ghorofa ya juu kabisa, na lifti ya jengo lile ilikuwa imekufa tangu watoto wa jirani wakiwa hawajaota meno. Kila ukimuuliza mwenye nyumba, anasema, "Fundi anakuja." Siku kifua kilipombana mke wangu, mimi na mdogo wake tulimkalisha kwenye kiti cha jikoni, tukamfunga kwa shuka asidondoke, tukaanza kumshusha kwa ngazi. Mdogo wake alitangulia chini, mimi nilishika juu. Hatukufika. Alikata roho kwenye kona ya ngazi, penye lile dirisha lililozibwa kwa boksi. Gari lilikuwa limesimama nje, injini inaunguruma, linamngoja.

Kwenye mazishi mwenye nyumba akaja na suti. Nami nikamwona shemeji yangu, kwa macho yangu haya, anamchukulia kiti, anakipangusa kwa kiganja, anamkalisha mstari wa mbele. Mtu aliyemuua dada yake! Sikuuliza kitu. Nilikihifadhi kile kiti moyoni na kukikalia.

Siku yenyewe shemeji alikuwa anavuta nyaya za taa mpya chini ya paa, penye boriti za chuma. Alivaa mkanda, akaufunga kwenye kikapu, akavaa ufunguo, akapanda. Mimi nikasimama mahali pangu. Haukupita muda, Kalamu akatokea mlangoni.

"Mzee Nuna! Njoo ushike huku, lori limefika."

"Kuna mtu juu, bosi."

"Aliye juu ana mikono, ana macho, na ufunguo anao mwenyewe. Wewe pale unamfanyia nini? Unamwombea?"

Vijana wakacheka. Nikaenda, maana ukikataa unaitwa mkaidi, na mkaidi hakosi jina kwenye orodha ya wanaopunguzwa. Nikashika friji upande mmoja, kijana mwingine upande wa pili. Tulikuwa hatujaitua nikasikia bisibisi ikigonga sakafu, ikabingirika. Bisibisi huanguka kila siku. Lakini ikianguka, aliye juu hutukana au huomba arushiwe nyingine. Hii ilianguka na hakuna aliyesema neno.

Nilirudi mbio.

Shemeji alikuwa ameinama kikapuni kama mtu anayechungulia kisimani. Mgongo wake ulikuwa chini ya boriti, na kifua kilikuwa juu ya meza ndogo ya swichi. Alikuwa akijipandisha huku anatazama waya, boriti ikamkuta mgongoni, ikamlaza juu ya usukani wa mashine. Usukani ukilaliwa unaendelea kupandisha. Kadiri alivyobanwa ndivyo alivyozidi kujibana. Kilichomwokoa ni kiwiko. Kilikipata kile kitufe chekundu cha kuzima kila kitu, na Twiga akasimama. Alisimama hapohapo, hakurudi nyuma. Mtu alikuwa katikati ya chuma na chuma, na pumzi anaivuta kwa ncha.

Kalamu alifika akihema. Akainama kwenye kisanduku, akapapasa tundu.

"Ufunguo uko wapi?"

Nikamtazama. "Uko ulikoamuru ukae."

Akainua uso. Kamba ya machungwa ilionekana shingoni mwa shemeji, imezama chini ya kifua.

"Wa akiba?"

"Wa akiba ulikatika mwaka juzi. Ukasema utaagiza."

Kalamu akatoa simu, akazungumza, akageuka. "Nimeongea na kampuni. Wanakuja."

"Wametoka?"

"Wanatafuta gari."

Hilo neno "wanakuja" nalijua. Nimeishi nalo ghorofa ya juu miaka. Nikamwacha na simu yake, nikaenda kwenye kona ya stoo, na nilipofika nikamkuta mama stoo, mlinzi wa vifaa vyetu, ameshalivuta turubai na kuchomoa waya wa chaji. Ufunguo wa Kobe ulikuwa mahali pake. Kobe hakuna aliyemjali kiasi cha kumchezea.

"Chaji yake si nyingi," akasema. "Ila kupanda atapanda."

Kalamu akatufuata. "Mzee, wewe huna ruhusa ya kupanda mashine."

"Basi panda wewe."

Akatazama juu. Akatazama viatu vyake.

"Vaa mkanda kwanza, baba," mama stoo akaniambia, akinisukumia mkanda kifuani. "Mtagombana mkimaliza. Na wewe msimamizi, badala ya kusimama kama nguzo, kaa penye kile kisanduku. Ufunguo ukishuka atakayeushika ni wewe."

Sijawahi kumsikia mtu akimwambia Kalamu hivyo. Akaenda.

Nikamwendesha Kobe mpaka sambamba na kikapu cha Twiga, nikampandisha. Taa nyekundu ya betri ikawa inakonyeza. Kobe akalia, akatetemeka, akapanda. Sipendi kwenda juu. Tangu zile ngazi sipendi hata kupanda kitandani. Lakini nilimtazama yule mtu mgongoni, na fulana yake ilikuwa ile ya kijani aliyoivaa siku tuliposhika kiti, nikaacha kufikiria miguu yangu.

Uso wake ulikuwa umelala upande, jicho moja likinitazama. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu.

"Shemeji," akasema.

"Usiongee."

"Kidogo... naweza."

"Basi ongea kidogo. Nataka ufunguo."

"Uko... chini yangu."

"Nauona. Nakata kamba shingoni."

"Usikate... shingo."

Mtu yuko hivyo na bado anatania. Ni ukoo wao. Dada yake naye alikuwa hivyohivyo. Nilikata kamba kwa kisu cha kufungulia maboksi, nikashika ncha, nikavuta. Haikuja. Ufunguo ulikuwa umebanwa kati ya kifua na ile meza, na nilipovuta tena alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika hapa.

Nikafikiri. Kifua kikiwa na pumzi kinajaa. Kikiwa hakina kinapungua.

"Toa pumzi yote," nikamwambia. "Yote kabisa. Mimi nitavuta."

Akatikisa kichwa kidogo. "Nikiitoa... sijui kama... nitairudisha."

Nikamwelewa. Pumzi aliyokuwa nayo ilikuwa ndiyo mali yake yote, na namwambia aitupe. Nikambembeleza, akakataa. Nikamfokea, akakataa. Anavuta kidogo, anaitunza kidogo, macho yanaanza kwenda mbali. Chini Kalamu anapiga kelele, "Vipi huko? Vipi?" Nami nikahisi hasira inanipanda, ile ya siku zote, na sikujua naielekeza wapi, nikaielekeza kwake.

"Kwa nini ulimpa kiti?"

Jicho likarudi kwangu.

"Nakuuliza. Yule mwenye nyumba. Dada yako yuko ndani ya sanduku, na wewe unampangusia kiti muuaji wake. Kwa nini?"

"Shemeji... si sasa."

"Ni sasa. Ukifa bila kunijibu nitakuchukia mpaka kaburini. Sema!"

Naye akakasirika. Nilimwona akikasirika, damu ikampanda usoni kidogo, na akaanza kusema, na alipoanza hakusimama tena. Maneno yalimtoka moja baada ya moja bila kuvuta pumzi katikati, kama mtu anayemwaga ndoo.

"Alikuwa amesimama nyuma mlangoni anataka kuaga aondoke nikasema hapana wewe utakaa mbele kabisa mbele ya sanduku umtazame dada yangu mpaka mwisho usipate pa kuficha uso ndiyo maana nikam..."

Sauti ikaisha. Pumzi ikaisha nayo. Kifua kikalala. Nikavuta kamba kwa nguvu zangu zote, na ufunguo ukachomoka, ukanigonga meno.

"Kalamu!" nikaita. Nikauachia. Ulianguka na mkia wake wa machungwa, ukagonga sakafu, na msimamizi mzima akatambaa kwa magoti kuutafuta chini ya Twiga. Akaupata. Akauingiza, akaugeuza upande wa chini. Injini ikawaka.

Kisha akasimama tu.

"Shusha!" nikapiga kelele.

"Swichi ipi?"

Kile kisanduku tulikuwa tumekipaka rangi. Kila dari tuliyoipulizia, vumbi la rangi lilimshukia Twiga, na hakuna aliyewahi kupewa kitambaa amfute. Mishale yote ya juu na chini, kulia na kushoto, ilikuwa chini ya weupe. Swichi zilipangana mstari kama meno, zote sawa. Moja ilikuwa ya kumshusha shemeji yangu. Nyingine ilikuwa ya kumpandisha amalizikie kwenye boriti.

"Usiguse!" nikamwambia. "Usiguse kitu!"

"Nilionyeshwa," Kalamu akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto. "Siku ile nilionyeshwa. Nimesahau."

Mama stoo alishaondoka mbio. Akarudi na chupa ya kusafishia brashi na kipande cha gunia, akasukuma mkono wa Kalamu, akasugua. Nilikuwa nimemshika shemeji bega. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakuna kilichoingia. Nilimwambia nimesikia. Nilimwambia kuhusu kiti nimesikia, avute sasa, avute kidogo tu. Mgongo wake ulikuwa mgumu kama ubao.

"Huu hapa," mama stoo akasema. "Mshale unatazama chini. Shingo ya Twiga imechorwa. Swichi hii, upande huu. Bonyeza na kitufe hiki cha ruhusa pamoja, kimeandikwa. Taratibu."

"Taratibu!" nami nikarudia kutoka juu. "Kwa kugusa na kuachia!"

Mkono wa Kalamu ukaenda kwenye swichi, nauona kutoka kule juu. Mkono uleule ulioniita kwenye lori. Nilitamani uwe wa mtu mwingine yeyote duniani, lakini ndio uliokuwepo. Akagusa. Twiga akashtuka, akashuka upana wa kidole. Akagusa tena. Mwanga ukapita kati ya boriti na fulana ya kijani.

Shemeji alivuta pumzi. Iliingia kwa sauti kama mlango mkavu. Kisha miguu ikamlegea, akaning'inia kwenye mkanda wake, na Kalamu akamshusha mpaka chini, akilia waziwazi bila kujifuta.

Mimi nikabaki juu. Nilipombonyeza Kobe ashuke, taa nyekundu ilikuwa imezimika. Betri imekwisha. Nikawaona wote wamemzunguka shemeji, wanamlaza, wanamfungua, na hakuna aliyenikumbuka isipokuwa mama stoo. Akaja chini ya Kobe, akainama, akauliza, "Kumbe na wewe umebaki huko juu kuwa taa?" Akavuta kijikono chekundu kilicho chini, ubavuni mwa Kobe, na Kobe akateremka mwenyewe kwa uzito wake, polepole, analalamika. Hakuhitaji ufunguo wala betri. Waliotengeneza hawakuwa wajinga, nimeshasema.

Mbavu zilivunjika, na pafu liliguswa. Alilazwa, akatoka. Nilikwenda kumwona, tukakaa. Nilimpelekea machungwa, akaniuliza kama nimeyachagua kwa sababu ya rangi ya ile kamba. Kuhusu kiti hatukurudia. Lilikuwa limeshasemwa.

Mkurugenzi alituita mkutanoni. Alisema ajali imesababishwa na uzembe wa mtumiaji. Alisema kuanzia leo ufunguo utakaa chini, kwenye tundu lake, na akalisema kama jambo alilolivumbua yeye bafuni asubuhi. Mimi nikapewa onyo la kupanda mashine bila ruhusa. Kuhusu kamba ya machungwa hakuna aliyeuliza nani aliinunua. Nilinyoosha mkono nikauliza mimi. Akasema swali hilo halisaidii kujenga. Kalamu alikuwa amekaa pembeni yake anatazama meza. Nilingoja aseme. Alinishushia ndugu na siwezi kumnyima hilo, lakini nilingoja aseme, na hakusema. Wakubwa ndivyo walivyo. Wakikosea ni mashine, tukikosea ni sisi.

Shemeji alirudi kazini mvua zilipokatika. Siku ya kwanza alisimama mbele ya Twiga muda mrefu, akavaa mkanda, akaufunga. Kisanduku nilikuwa nimekifuta mpaka mishale inang'aa. Ufunguo ulikuwa kwenye tundu. Akanitazama.

"Hutanionyesha mfupa?"

"Panda, bwana."

Akapanda. Aliinama kila alipokaribia boriti, hata zile za mbali. Nilikuwa nimeinua shingo inaniuma niliposikia lori linarudi nyuma mlangoni, kisha sauti ya Kalamu.

"Mzee Nuna! Njoo ushike huku kidogo."

Nikaendelea kutazama juu.

"Mzee! Husikii? Dakika moja tu!"

"Nasikia," nikasema, bila kumtazama. "Kuna mtu juu."

Vijana, waliokuwa wameanza kucheka, wakamwangalia yeye. Kalamu akasimama pale mlangoni, akaigusa kalamu yake sikioni, akaiacha. Kisha akakunja mikono ya shati, akaenda kushika friji mwenyewe.